Malaika wa Mkononi

Saa moja na nusu asubuhi, Isongole.
Ukungu umeingia darasani bila hodi,
umekaa dawati la mbele.
Naandika ubaoni: MAGEUKO,
chaki inateleza kwa unyevu,
na Ambokile, mtoto wa mchungaji,
hangoji hata nifute vumbi vidoleni:
"Mwalimu, kwa hiyo bibi yangu alikuwa kipunji?"

Darasa likapasuka kicheko.

Sikumjibu. Nilimwambia, kunja mkono wa sweta.
Baridi ya Rungwe ikamgusa,
ngozi ikaota vipele, kuku aliyenyonyolewa,
kila kinyweleo wima.
"Hivyo tunaviitaje kwetu?"
"Malaika, mwalimu."
"Wamesimama kumpokea nani?"
Kimya.

Wamesimama, nikasema, kutunisha manyoya
tuliyoyavua zamani sana.
Aliyewapa amri kaondoka,
walinzi hawajaambiwa.
Bado wanasimama lindo, kila asubuhi,
kwenye ghala tupu.
Kipunji akipigwa na upepo kule msituni
malaika wake nao husimama. Wake wanamfaa.
Si bibi yako, Ambokile.
Ni binamu. Bibi yenu wa pamoja
hakuacha jina, aliacha mikono.

*

Mama yangu hakuijua nadharia hii.
Kila Julai alimwaga kablanketi ungoni,
akakaa mlangoni penye mwanga,
kidole kikipita kama mhasibu:
hii mbegu, hii mboga,
hii mbegu, hii mboga.
Miaka arobaini.
Maharage yake yakawa manene kuliko ya jirani,
na jirani akasema, ana dawa.

Dunia nayo huchagua,
lakini haina ungo, haina macho,
haina Julai, wala haimpendi yeyote.
Sakitu inashuka usiku shambani:
kilichokufa kimekufa,
kilichosalia kinazaa kinachofanana nacho,
karibu kifanane.
Ni katika hiyo "karibu"
tulimopitia sisi sote.

*

Kisha wakaja fukusi.
Tukanunua unga wa dawa pale Kiwira,
mwaka wa kwanza ukaua wote,
tuseme wote kasoro watatu.
Hao watatu hawakuwa mashujaa,
hawakujifunza, hawakujipanga;
walizaliwa tu na tumbo lisilosikia sumu.
Mwaka wa tatu
ukitega sikio kwenye gunia
lilikuwa linanong'ona.

Ningeishia hapo, kengele ilikuwa karibu.
Lakini nikawaambia habari za Gwamaka, kaka yangu,
fundi wa baiskeli, mcheshi,
aliyeacha vidonge mwezi wa pili
kwa sababu kikohozi kilikuwa kimekoma
na mguu ulikuwa unataka kazi.
Kifuani mwake, gizani,
kila kidonge alichoruka kilikuwa kinachambua:
kijidudu hiki mboga, hiki mbegu.
Alipanda bila kujua.
Waliporudi, walirudi wale wasiosikia,
na wote walikuwa watoto wa wasiosikia.

Tulimzika Machi. Kaburi lilikuwa na maji.

Ndiyo maana nafundisha mada hii nikiwa nimesimama,
hata siku magoti yanapouma.

*

Ijumaa mchungaji alikuja mwenyewe,
kofia mkononi, Biblia kwapani.
Nikaweka chai. Nikapanga maneno yangu
kama mtu anayepanga kuni kabla ya mvua.

Alikunywa nusu kikombe.
Akatazama mlima, ambao siku hiyo haukuonekana.
Kisha akasema,
"Huyu kijana ananikunjisha mikono ya shati nyumbani,
mimi, na mama yake, na wageni."
Akanyamaza.
"Hebu niambie, mwalimu.
Wale fukusi watatu.
Mtu anawajuaje
kabla hawajawa gunia?"

Sikuwa na jibu lote.
Upepo ulipita mlangoni,
na mikononi mwetu, bila kuitwa,
malaika wakasimama.